Kilo Zinazoongezeka Baada ya Sindano

Wafugaji wa Lorugum, katika kaunti ya Turkana, hawahitaji darasa la homoni. Beberu akihasiwa akiwa mdogo hatulii tu, hunenepa. Siku ya kuchinjwa utakuta mafuta yamezunguka figo na kutanda chini ya ngozi. Ndugu yake ambaye hakuhasiwa, aliyelishwa majani yale yale ya mgunga, ana shingo nene, nyama ngumu na mafuta haba. Malisho yao ni mamoja. Kilichotofautiana ni amri ambayo kila mwili ulipewa kuhusu malisho hayo, na amri hiyo hutolewa na testosteroni.

Ninachotaka kueleza leo ni jambo hilo hilo kwa binadamu. Wanaume transi ni watu ambao walipozaliwa waliandikwa kuwa wasichana, lakini wanajijua na kuishi kama wanaume. Wengi wao hutumia testosteroni kama dawa, kwa sindano au kwa jeli ya kupaka. Sauti huwa nzito, hedhi hukoma, ndevu huanza kuchomoza. Halafu huja jambo ambalo wachache waliandaliwa kulipokea: mizani inapanda. Mwezi wa tatu au wa nne suruali inalegea kwenye nyonga na kubana kiunoni, njaa inamwamsha mtu usiku, naye anaamua kula mlo mmoja kwa siku ili apungue. Uamuzi huo ni kosa popote duniani. Katika kaunti ya Turkana ni hatari.

Tuanze na dawa yenyewe. Mwaka 1935 Ernst Laqueur na wenzake jijini Amsterdam waliitenga testosteroni kwa mara ya kwanza. Walitumia takriban kilo 100 za korodani za fahali, wakaambulia miligramu 10. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja na kikosi chake, waligundua jinsi ya kuitengeneza maabara. Leo mwanaume transi mzima hupewa kwa kawaida miligramu 50 hadi 100 kwa wiki. Lundo lile lote la korodani za fahali halingetosha hata sindano moja.

Ikiingia mwilini hufanya nini na chakula? Ndani ya tishu zetu mna chembe changa ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini. Testosteroni huzisukuma zigeuke misuli badala ya mafuta, na huzinenepesha nyuzi za misuli zilizopo. Misuli hutumia nishati hata mtu akiwa amelala, hivyo mwili unaojenga misuli hudai chakula zaidi. Ile njaa ya usiku haitokani na ulafi. Ni mjenzi anayeulizia matofali. Wiki za mwanzo mwili pia huweza kubakiza chumvi na maji kiasi, na mizani huyahesabu maji hayo kama inavyohesabu nyama.

Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti kadhaa zilizohusisha wanaume transi 354. Baada ya takriban mwaka mmoja wa matibabu, uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa kilo 1.7. Mafuta yalikuwa yamepungua kwa kilo 2.6, na mwili usio na mafuta, ambao sehemu yake kubwa ni misuli, ulikuwa umeongezeka kwa kilo 3.9. (Hesabu hizi hazijumliki sawasawa kwa sababu idadi ya waliopimwa ilitofautiana kipimo kwa kipimo.) Mtu huyu ameongezeka kilo huku akipoteza mafuta. Mizani ya zahanati haina macho ya kuliona hilo. Utepe wa fundi cherehani utamsaidia zaidi: apime kiuno, nyonga na mkono wa juu kila mwezi, aandike kwenye daftari.

Utepe huo pia utamwonyesha jambo la kuangaliwa. Mafuta hupungua zaidi kwenye mapaja na nyonga kuliko tumboni, na yatakayoongezeka baadaye, mtu akila kupita mahitaji yake, huelekea tumboni kama kwa wanaume wengine. Mafuta ya tumbo ndiyo yanayoandamana na presha na kisukari. Mabadiliko haya huanza katika miezi sita ya kwanza lakini huchukua miaka miwili hadi mitano kukamilika. Kuongeza dozi kwa pupa hakuyaharakishi. Sehemu ya testosteroni hubadilishwa na mwili kuwa estrojeni, hasa ndani ya mafuta yenyewe, na ziada inayobaki huelekea kwenye damu, ambako nitafika hivi punde.

Kwanza chakula. Peter Ellison na wenzake walipima testosteroni katika mate ya wanaume wa jamii nne na kuchapisha matokeo mwaka 2002: Wamarekani, Walese wa msitu wa Ituri mashariki mwa Kongo, Waache wa Paraguay na Watamang wa Nepal. Vijana wa Kimarekani, walioshiba tangu utotoni, ndio waliokuwa na kiwango cha juu kabisa. Kwetu Turkana, Benjamin Campbell na Paul Leslie waliwapima wanaume wahamaji na waliotulia, wakachapisha kazi yao mwaka 2006. Maelezo ya tofauti kama hizo ambayo wataalamu wengi wa fani hii huyatoa ni kwamba mwili ulioishi na uhaba hujipunguzia testosteroni, kwa sababu misuli ni gharama na mwenye njaa hawezi kuilipia.

Sindano haina busara hiyo. Mgao ukipungua, mbuzi wakikauka maziwa, dozi ya wiki inaendelea kutoa amri ile ile ya kujenga, na matofali hayapo. Nawafikiria hasa walio katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Kambi hiyo imekuwepo tangu 1992, na miongoni mwa wakazi wake wamo watu waliokimbia Uganda na nchi nyingine kwa sababu ya jinsia yao au wanaowapenda. Mgao wa chakula umekatwa mara kadhaa, na mwaka 2025 ulishuka hadi chini ya theluthi moja ya kiwango kamili. Mtu anayetumia testosteroni katika hali hiyo asitegemee kifua kipana. Asijilaumu kwa uvivu, wala asikubali kuuziwa dozi kubwa zaidi na mtu wa mtaani. Akipata shilingi ya ziada, aipeleke kwenye protini: maharagwe, dengu, mayai, maziwa, samaki wa kukaushwa wa Ziwa Turkana. Na afanye kazi ya kutumia nguvu, kwa maana misuli hujengwa pale inapotumika. Kubeba mtungi wa maji na kupanda mlima ni mazoezi kamili.

Mijini hali hugeuka. Mwaka 2020 Amanda Lea, Julien Ayroles na wenzao, wakiwemo watafiti wa Kenya, walichapisha vipimo vya Waturkana zaidi ya 1,200. Wafugaji walikuwa na afya njema ya moyo na sukari. Waliohamia mijini walikuwa na viashiria vibaya zaidi, na waliozaliwa mjini walionyesha athari hadi utu uzima. Kwa hiyo mwanaume transi aliyetoka malishoni akaingia mjini, kwenye chapati, soda na kazi ya kuketi, asiibebeshe sindano lawama ya kila kilo. Tafiti hazijaonyesha wazi kwamba testosteroni yenyewe inawaletea wanaume transi kisukari. Inachofanya kwa hakika ni kushusha kolesteroli nzuri na kuelekea kuipandisha ile mbaya, ndiyo maana mafuta ya damu hupimwa.

Na sasa damu. Hapa ndipo ningemwomba msomaji wa Turkana asimame kidogo. Testosteroni huamrisha uboho utengeneze chembe nyekundu kwa wingi. Kwa mtu aliyekuwa na upungufu wa damu hiyo ni neema, hasa hedhi ikikoma. Lakini zikizidi, damu huwa nzito na hatari ya kuganda huongezeka. Katika kliniki ya Amsterdam, wanaume transi 1,073 walifuatiliwa. Asilimia 11 kati yao walifikia wakati fulani kiwango ambapo chembe nyekundu zilichukua zaidi ya nusu ya ujazo wa damu. Ongezeko kubwa lilikuwa mwaka wa kwanza, na wavutaji tumbaku walikuwa hatarini zaidi.

Amsterdam hakuna jua la Lodwar. Hapa nyuzi 35 ni siku ya kawaida, na mtu asiyekunywa maji ya kutosha damu yake huwa nzito hata bila dawa yoyote. Mambo hayo mawili yakikutana, kipimo huweza kupanda kwa sababu ya kiu tu, na mtu akapunguziwa dozi bila haja. Au huweza kupanda kwa sababu ya dawa kweli, na mhudumu akasema ni joto. Dawa ya utata huu ni rahisi: nenda kupima asubuhi na mapema ukiwa umekunywa maji tangu jana yake, na kipimo kikitoka juu kirudiwe kabla ya kubadili chochote. Mwongozo wa chama cha wataalamu wa homoni, uliotolewa 2017, unataka damu ipimwe kila baada ya miezi mitatu katika mwaka wa kwanza, kisha mara moja au mbili kwa mwaka. Matokeo yalinganishwe na viwango vya wanaume, hata kama kadi ya hospitali imeandikwa mwanamke.

Kadi hiyo ndiyo inayowafukuza wengi. Machi 2021, Kakuma, wakimbizi walishambuliwa kwa moto usiku wakiwa wamelala kwa sababu ya wanavyojitambulisha, na mmoja wao akafariki mwezi uliofuata. Mtu anayejua hayo hawezi kulaumiwa akinyamaza mbele ya mhudumu asiyemfahamu. Anakuja akilalamika kichwa kuuma na macho kuona ukungu, anapewa panadoli, anaondoka na damu yake nzito.

Kwa hiyo neno langu la mwisho ni kwa wahudumu wa Lorugum, Lodwar na Kakuma. Mtu akikwambia anatumia testosteroni, funga mlango, andika dozi na siku ya sindano ya mwisho, pima presha na kiuno, agiza kipimo cha damu kamili, na umuulize jana alikula nini. Mweleze pia kwamba dawa hii haizuii mimba, hata kama hedhi imekoma, na inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Usimpokonye dawa ghafla, na usiitaje siri yake kwenye foleni.