Kurudi kwenye ubao wa kuchorea: maana na matumizi ya nahau moja ya Kiingereza

Mwanafunzi akutanaye na maneno "back to the drawing board" aweza kujua maana ya kila neno peke yake, na bado asielewe lisemwalo. Neno kwa neno ni "kurudi kwenye ubao wa kuchorea". Ubao huo si ule wa darasani uandikwao kwa chaki. Ni meza ya mhandisi au msanifu wa majengo, ambayo juu yake hutandazwa karatasi na kuchorwa ramani ya kitu kabla hakijaundwa.

Asili ya nahau hii yajulikana. Tarehe 1 Machi 1941, jarida la The New Yorker la Marekani lilichapa picha ya kuchekesha ya mchoraji Peter Arno. Ndege imeanguka na kuvunjika, na watu wanaikimbilia. Mtu mmoja tu, mwenye michoro iliyokunjwa kwapani, anaipa mgongo na kwenda zake. Maneno yaliyo chini ya picha yaonyesha kwamba, pasipo kushtuka, anarudi kwenye ubao wake wa zamani. Kichekesho kimo katika utulivu huo.

Katika picha hiyo mna mambo matatu yanayoifanya nahau iwe na maana yake. Kwanza, palikuwa na mpango. Pili, mpango ulijaribiwa, ukashindwa. Tatu, mwenye mpango hakuiacha kazi, bali aenda kutafuta kosa lilipo. Kwa hiyo nahau hii haifai mahali pasipokuwa na mpango. Mjane anayeanza maisha mapya hasemwi hivyo. Tena, kwa kuwa ina mzaha kidogo, haipendezi penye msiba.

Yapasa kuitenga na nyingine inayoikaribia, "back to square one", yaani kurudi kwenye mraba wa kwanza, kama mchezaji aliyerudishwa mwanzo wa mchezo. Hii yataja hasara: mwendo wote umepotea. Ile ya ubao yataja kazi inayofuata.

Nchini Kongo, ambako msomi mara nyingi hupitia Kifaransa ili kufika kwenye Kiingereza, tofauti hiyo hupotea kwa urahisi. Wengi hukimbilia "repartir à zéro" au "retour à la case départ", ambazo zaelekea kwenye mraba wa kwanza. Iliyo karibu zaidi na ubao ni "revoir sa copie", usemi utokao shuleni, wa mwanafunzi anayerudishiwa kazi yake aisahihishe.

Kosa hili si dogo. Tuseme wanakijiji wamechimba kisima kisichotoa maji, na ripoti ya mhandisi yatumia nahau ya ubao. Mfasiri akiwaambia, "Tunaanza tena kwenye sifuri," watasikia kwamba jasho lao limekwenda bure, na huenda wakakata tamaa. Lakini mhandisi alisema jambo jingine: mahali palichaguliwa vibaya, basi pachaguliwe upya kwa kufuata yaliyojifunzwa. Tafsiri iliyo sahihi ni "Tuketi tena, tuupange mpango upya."

Je, methali ya Kiswahili yaweza kutumika badala yake? "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi" yafanana nayo kwa moyo wa kutokata tamaa. Hata hivyo, methali hiyo yamhimiza mhunzi aendelee na kazi, haimwambii achunguze kwa nini koleo lilivunjika. Yafaa kuwatia watu moyo, lakini penye ripoti ya kazi "kupanga upya" ndiko kunakoeleza nia ya msemaji.

Mfasiri, kabla ya kuchagua neno, na ajiulize swali moja: je, msemaji analia juu ya kilichopotea, au ameshika kalamu kukisahihisha? Jibu ndilo litakalomwonyesha kama ni mraba au ni ubao.