Babi wa Gofu, Kumtusi Kedi Hakukufanyi Pro

Wasee wa Kiserian mnaoshika kibarua kwa viwanja vya gofu upande wa Karen, hii stori mnaijua: mdosi anapiga mpira vibaya, kedi anayembebea mfuko ndiye anakula matusi. Zii! Kwa gofu adabu ni sheria. Kanuni ya 1.2 inataka ujali wenzako na utunze uwanja. Ukizidisha ufala, kamati inaweza kukutoa mashindanoni. Mchanga ukiuvuruga, usawazishe. Mpira ukielekea watu, piga nduru: "Fore!" Ukipotea, tangu 2019 unautafuta dakika 3 tu, si 5 kama zamani, walio nyuma wasikungoje. Na kedi usimcheki chini. Dismas Indiza alianza hivyo Mumias, kabla ya kuwa pro na kucheza Kenya Open.