Okidi Nyumbani: Mgeni wa Mwembe Asiyemnyonya Mwenyeji

Mkazi wa Matuga au Msambweni akipanda mwembe wake kuchuma maembe, si ajabu akute kwenye panda la tawi kitu kama fungu la miwa midogo ya rangi ya manjano, kimezungukwa na mizizi myeupe iliyosimama wima kama sindano. Wengi hukikwangua kwa panga na kukitupa, wakiamini kinanyonya mti na kupunguza mazao. Kinachotupwa hapo ni okidi, tena mojawapo ya zile zinazotafutwa sana na wapenda maua. Mti wenyewe haikuunyonya hata tone.

Kutofautisha ni rahisi. Mmea mnyonyaji hasa, ule ambao mbegu zake zenye ulimbo hubandikwa na ndege juu ya mikorosho na miembe, huwa umezama ndani ya mti. Pale ulipoungana na tawi pana uvimbe, na huwezi kuung'oa bila kuvunja tawi. Huo ukatwe pamoja na tawi lake. Okidi imelala juu ya gome tu. Mzizi wake hubanduka kwa ukucha, na chini yake gome ni zima. Chakula inajitengenezea yenyewe kwa mwanga wa jua. Maji inayapata kwa mvua na umande, na madini kutoka kwa majani makavu yanayonasa na kuozea kwenye mizizi yake. Mti kwake ni kiti.

Ukishalielewa hilo, umeelewa kwa nini okidi nyingi hufia nyumbani. Mtu hununua ua zuri, akalitia kwenye chungu chenye udongo mweusi na samadi, akalimwagilia kila siku kama sukumawiki. Baada ya majuma machache majani yanalegea, naye anaongeza maji. Okidi za mitini hufa kwa kuzama mara nyingi zaidi kuliko kwa kiu. Mzizi wake umevikwa ngozi nyeupe kama sifongo, inayofyonza maji kwa haraka na kuhitaji kukauka tena kwa upepo. Ukiufukia kwenye udongo uliolowa, unakosa hewa na kuoza.

Badala ya udongo, tumia vitu tulivyo navyo hapa kwetu: vipande vya mkaa vya ukubwa wa kidole gumba, vigae vya vyungu vilivyovunjika, na makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa. Makumbi yasitumiwe mara tu yanapotoka shambani, kwa kuwa huwa na chumvi. Yaloweke siku kadhaa, ukiyabadilishia maji kila siku, hadi maji yabaki meupe. Chungu cha udongo kilichotobolewa pembeni kinafaa, na kikapu cha mbao cha kuning'iniza kinafaa zaidi.

Maji ndiyo yanayowasumbua wengi katika ukanda wetu. Visima vingi vya karibu na bahari vina chumvichumvi, na okidi huihisi mapema kuliko mimea mingine: ncha za mizizi na majani hugeuka nyeusi, na ukoko mweupe huonekana juu ya mkaa. Kinga maji ya mvua ya mabati wakati wa masika uyahifadhi kwenye pipa lenye kifuniko. Kama huna budi kutumia maji ya kisima, yasukutue yale makumbi kwa maji ya mvua mara moja kwa mwezi.

Mara ngapi kumwagilia? Usihesabu siku, tazama mzizi. Ukilowa huwa wa kijani, ukikauka hurudi kuwa mweupe wa kijivu. Mwagilia ukiwa mweupe, tena asubuhi, ili majani yawe yamekauka kabla ya usiku. Wakati wa kaskazi, jua likiwa kali, huenda ikahitajika kila siku kwa zilizoning'inizwa, na wakati wa mvua kubwa usimwagilie kabisa. Jambo moja linahusu afya ya jirani pia: usiweke sahani ya maji chini ya chungu. Mbu wanaoeneza homa ya dengue huzaliana kwenye maji machache kama hayo, na okidi yenyewe haiyataki.

Kwa mwanga, jani ndilo mizani. Kijani kilichokolea na kulegea ni dalili ya giza, na mmea wa namna hiyo hautoi maua hata ukae miaka. Jani la manjano au lenye mabaka yaliyoungua limepigwa na jua kupita kiasi. Kijani cha mpapai mchanga ndicho unachotaka. Kivuli chepesi cha mwarobaini au wavu wa kivuli hutosha kwa aina nyingi.

Sasa aina zenyewe. Ile ya juu ya mwembe wataalamu huiita Ansellia africana, na kwa maua yake ya manjano yenye madoadoa ya hudhurungi hulinganishwa na chui. Kwa mkazi wa pwani anayeanza, sioni iliyo bora kuliko hii. Imezoea joto na ukame wetu, inapenda mwanga mwingi, na ikifungwa kwa kamba laini kwenye shina la mti wenye gome la kukwaruza hujishikia yenyewe kwa msimu mmoja au miwili. Mizizi yake ile ya sindano usiikate. Ni kapu lake la kunasia majani. Mwagilia sana inapochipua miwa mipya, kisha punguza miwa hiyo inapokomaa.

Lakini iwe ya halali. Kuchukua mimea katika msitu wa serikali au hifadhi, kama ile ya Shimba Hills, bila idhini ni kosa chini ya sheria za misitu na wanyamapori. Katika misitu ya kaya, ikiwemo Kaya Kinondo iliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, hata tawi halitolewi bila ruhusa ya wazee. Jamii nzima ya okidi imo pia katika mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo anayetaka kumpelekea ndugu yake aliye ng'ambo mche mmoja tu anahitaji kibali cha KWS na cheti cha afya ya mimea cha KEPHIS. Ukali huu una sababu. Mbegu ya okidi ni laini kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti msituni isipokutana na kuvu maalumu wa kuilisha. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza hupita miaka kadhaa. Gunia moja linaloshushwa msituni kwa siku moja haliji kujazwa upesi.

Unaponunua, kagua mizizi. Mmea uliokuzwa kitaluni mizizi yake imezunguka ndani ya chungu. Ulioporwa una mizizi iliyokatika, pengine na vipande vya gome la mti bado vimeng'ang'ania. Wa shambani kwako ni habari nyingine: tawi la mwembe wako likianguka, ihamishe okidi yake kwenye mti mwingine badala ya kuiacha iungue pamoja na kuni.

Zile za kigeni zinazouzwa madukani zinatoka zaidi Asia. Vanda na Dendrobium za nchi za joto hustawi hata Diani na Ukunda. Vanda huhitaji kikapu kitupu, mizizi ikining'inia hewani. Phalaenopsis, yenye maua kama nondo aliyekunjua mabawa, hutaka kivuli zaidi, na joto la mfululizo la zaidi ya nyuzi 28 huizuia kutoa maua. Wakazi wa miinuko ya Kwale, kwenye ukungu na usiku wa baridi kidogo, watafaulu nayo kuliko sisi wa ufuoni. Maji yasituame katikati ya majani yake, huoza. Wa Kinango wasikate tamaa: Eulophia petersii, yenye majani magumu kama mkonge, huota ardhini kwenye mchanga na mawe na huvumilia kiangazi.

Mbolea iwe ya kuyeyushwa, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kila wiki mbili. Vidung'ata na vidugamba vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Kisu kipitishe kwenye moto kabla ya kuhamia mmea mwingine, kwa maana virusi vya okidi havina dawa.

Wanaotaka mapato wajue kwamba vanila nayo ni okidi. Huota ardhini penye majani yaliyooza na kupanda juu ya mti hai, kwa mfano mbono kaburi, kwenye kivuli cha nusu. Kipande cha mita moja hutoa maua baada ya miaka kama mitatu. Ua hufunguka asubuhi moja tu, na mdudu anayelichavusha kwao Mexico hayupo kwetu, kwa hiyo kazi hiyo hufanywa kwa mkono. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion: kwa kijiti chembamba unainua kile kijingozi kinachotenganisha chavua na sehemu ya kike, kisha unavibana pamoja kwa kidole gumba. Ifanye kabla ya saa sita mchana. Ua lililoshika halidondoki kesho yake, na podi yake hukomaa baada ya takriban miezi 9, ncha inapoanza kugeuka manjano.