Fahamu: Maziwa, ngozi na afya katika Kilosa na Mikumi

Wilayani Kilosa, ambako vijiji vya wafugaji kama Twatwatwa vimepakana na mashamba ya wakulima, na Mikumi, mji ulio kando ya hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1964, faida za maziwa ni za kweli: mililita 100 za maziwa ya ng'ombe huwa na takriban miligramu 120 za kalsiamu, madini yanayoimarisha mifupa, pamoja na vitamini A, ambayo ngozi huihitaji ili ijijenge upya. Mtindi unaopakwa usoni hulainisha kwa kiasi, kwa kuwa asidi ya laktiki iliyomo hulegeza seli zilizokufa, lakini haubadilishi rangi ya ngozi wala hautibu ugonjwa.

Jambo zito zaidi ni maziwa mabichi. Yanaweza kubeba bakteria wa kifua kikuu cha ng'ombe na wa brusela, ugonjwa unaowafanya ng'ombe watupe mimba na ambao kwa binadamu huleta homa ya kupanda na kushuka, jasho la usiku na maumivu ya viungo, dalili zinazodhaniwa kwa urahisi kuwa malaria, hivyo mgonjwa akacheleweshewa tiba. Kugandisha maziwa, au kuyahifadhi katika kibuyu kilichofukizwa moshi, desturi yenye thamani yake katika ladha na utunzaji, hakutoshi kuwaua bakteria hao.

Maziwa yachemshwe mpaka yatokote kabla ya kunywewa au kugandishwa, hasa ya watoto na wajawazito, na mwenye homa isiyokwisha amweleze daktari kwamba hunywa maziwa mabichi.