Saini ya Mwenzio

Filamu ya Can You Ever Forgive Me? (2018), iliyoongozwa na Marielle Heller, husifiwa zaidi kwa uigizaji wa Melissa McCarthy. Mimi nataka tuitazame kama kazi inayohusu mtindo. Lee Israel, mwandishi wa New York, alikuwa hodari wa wasifu. Kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya Dorothy Kilgallen kiliuzwa sana. Kile cha Estée Lauder, cha 1985, kikaanguka. Kodi ya nyumba ikamshinda, paka wake akaugua, wachapishaji wakampa kisogo. Basi mwanzoni mwa miaka ya 1990 akatafuta mashine kuukuu za kupiga chapa, akaanza kuandika barua za marehemu: Dorothy Parker, Noël Coward na wengineo. Zilifika kama 400.

Sasa, ndugu msomaji, maneno yale ni ya nani? Kwangu ni ya Israel. Wanunuzi walichekeshwa na utani wake, lakini fedha walilipia saini. Kwetu upande wa Nduta, Kibondo, nimewaandikia wazee barua za kwenda kwa watoto wao walio mbali. Mzee anasema kwa Kiha, mimi namtafutia Kiswahili, naongeza na salamu mbili tatu za kwangu. Mwisho anaweka dole gumba. Barua ni yake ingawa sentensi ni zangu, maana yupo na ameridhia. Coward hakuwapo. (Tungo anazohesabiwa Fumo Liyongo ni suala jingine: amepewa na mapokeo, hakuna aliyekaa akapiga hesabu ya bei.)

Filamu inatuvuta tumhurumie, na kweli unamhurumia, hasa akiwa baa na Jack Hock, anayeigizwa na Richard E. Grant. Ila huruma yangu iliishia pale anapoingia maktaba, anaiba barua halisi na kuacha ya bandia. Hapo anayeumia si tajiri mkusanyaji tena. Ni mimi na wewe tunaosaka ushahidi wa tasnifu. Alihukumiwa mwaka 1993 kifungo cha nyumbani cha miezi sita, na bado barua zake mbili ziliingia katika kitabu cha barua za Coward kilichochapishwa 2007!

Kilichomuumbua kwa Coward si fani. Fani ilipita. Ni maudhui: barua zilizungumza waziwazi mno juu ya mapenzi ya wanaume, jambo ambalo Coward mwenyewe alilifunika maana sheria ya Uingereza ililiadhibu. Waliomjua wakashtuka.