Fasihi ya Kiingereza Ianzie Nyumbani

Kijana wa Kitengela anapotangaza kwamba atasomea fasihi ya Kiingereza na uandishi wa kubuni, huulizwa kwanza atapata kazi gani. Swali hilo ni la haki, kwani karo ni mzigo, na wapo wazazi Kajiado wanaouza ng'ombe ili kuilipa. Lakini lipo swali zito zaidi: atafunzwa kuona nini?

Mwaka wa 1968, Ngugi wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walitaka Idara ya Kiingereza chuoni Nairobi ivunjwe, na mahali pake iundwe idara itakayoiweka Afrika katikati, fasihi simulizi ikiwamo. Hawakumfukuza Shakespeare, walikataa tu awe mwenye nyumba.

Katika njia hiyo, Naomi Kipury alichapisha masimulizi ya Wamaasai mwaka wa 1983. Naye Henry ole Kulet aliwaandika watu wake kwa Kiingereza, hata riwaya yake ya 2008, Blossoms of the Savannah, ikateuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari.

Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi huzoezwa kuchambua tu, wala si kutunga. Kitengela, nyua zimekatiza njia za nyumbu na za mifugo kati ya Mbuga ya Nairobi na nyanda za kusini. Nani ataisimulia habari hiyo? Mwalimu, mtume mwanafunzi wako kwa bibi yake akasikilize, kisha aandike. Mcheza kwao hutunzwa.