Chura wa Kihansi na Dhamana Yetu

Viumbe hutoweka kwa sababu za asili, kama ukame na magonjwa. Lakini leo mara nyingi mkono wa mwanadamu ndio unaoharakisha. Chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika milima ya Udzungwa, aliishi kwenye manyunyu ya maporomoko tu. Bwawa la umeme lilipojengwa, manyunyu hayo yakapungua mno. Kisha ugonjwa wa kuvu ukaingia. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Walisalia wale waliopelekwa mapema kutunzwa Marekani, na uzao wao ukaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012.

Umeme tunauhitaji. Hata hivyo, Papa Fransisko, katika Laudato Si', alifundisha kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu. Basi, kabla ya kugeuza mkondo wa mto au kufyeka msitu, tuulize kwanza: ni nani anayeishi hapa?